Ndani ya Kibasi cha Mninga

Vidole vya Justus vilikuwa vinene. Kwa kushika usukani wa basi miaka yote ile vilimfaa sana, na hata kwa randa na patasi havikumwangusha. Lakini sasa kibasi chake kilikuwa kimefika mahali ambapo kidole kinene hakina kazi. Viti vilishapangwa ndani, safu nyuma ya safu, kila kimoja hakizidi urefu wa njiti ya kiberiti, na kila Justus alipojaribu kupitisha unyoya wenye rangi katikati yake, kiti kimoja kiling'oka na kingine kikapata rangi ya jirani yake.

"Mama Pelagia," alimwita mkewe hatimaye, jasho likimtiririka puani. "Njoo unishikie unyoya huu. Nimeshindwa na gari langu mwenyewe."

Veneranda aliweka chini ungo wa mchele akaja kukaa kwenye mkeka. Akachungulia ndani ya kibasi kwa juu, maana paa lilikuwa bado halijawekwa, na moyo wake ukafurahi na kuogopa kwa pamoja.

Ulifurahi kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Bodi ilikuwa ya mninga, imepigwa msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto. Viti alivichonga kwa mbao nyembamba za kasha la chai. Usukani ulikuwa waya uliozungushiwa uzi mweusi, gia ilikuwa msumari wenye ushanga kichwani, na kwa dereva aliweka pedali tatu za bati ambazo mtu lazima ainame sana ndipo azione. Ni nani atakayeziona? Lakini Justus aliziweka, kwa sababu basi lake lilikuwa nazo.

Basi lenyewe, lile la kweli, lilikuwa limeshavunjwavunjwa zamani. Alikuwa akiliendesha kati ya Tabora na Nzega, na ndani yake, msimu mmoja wa mvua, lilipozama kwenye tope jeusi la mbuga upande huu wa Nzega, Veneranda alimzaa Pelagia. Alikuwa anarudi kutoka kuwaona wazazi wake na siku zake zilikuwa bado. Mtoto hakusubiri. Sasa mtoto huyo alikuwa mwali, ameposwa na mwalimu wa shule huko Nzega aitwaye Eustace, na baba yake alikuwa akimtengenezea zawadi ya kwenda nayo.

"Mwenzake akiulizwa kwao anataja kijiji," Justus alikuwa amemwambia mkewe siku alipoanza kuchonga. "Huyu kwao pa kwanza ni basi. Basi hilo halipo tena. Kwa nini nisimpe?"

Na hapo ndipo Veneranda alipoogopa. Kwa sababu kabla Justus hajamaliza hata magurudumu, Pelagia alimjia mama yake kule kisimani, akamsaidia kujitwisha ndoo, kisha akabaki ameishika ile ndoo asiiachie.

"Mama, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Wakwe wasijue nilizaliwa wapi."

Veneranda hakuhitaji kuuliza kwa nini. Shuleni kwa masista wasichana wenzake walimwita Mtoto wa Basi. Akipita, mmoja huziba pua na kupiga honi, wote wakaanguka kwa kicheko. Walikuwa watoto tu, na wengi wao baadaye walikuja kuwa marafiki zake, lakini Pelagia alijifunza kuinamisha kichwa kila basi lilipotajwa. Tena mama mkwe wake, Mama Koleta, alikuwa mwanamke wa heshima zake. Siku ya posa alieleza kwa kirefu jinsi watoto wake wote walivyozaliwa kwenye hospitali ya misheni, juu ya kitanda cha chuma chenye shuka nyeupe.

"Nakuahidi," Veneranda alisema. Ndipo Pelagia alipoiachia ndoo.

Basi akawa amekaa sasa kwenye mkeka, ahadi kwa binti upande mmoja, na upande wa pili mume aliyefurahi kuliko alivyowahi kumwona tangu aache kuendesha. Hakuweza kumwambia Justus. Mara mbili tatu alifungua kinywa, akaona jinsi anavyopuliza vumbi kutoka kwenye vile viti vidogo kwa pumzi ya taratibu, kama mtu anayempoza mtoto uji, akakifunga tena.

Akachovya unyoya kwenye rangi.

Kazi hiyo haikufanyikia nyumbani kwao, Pelagia asije akaona. Ilifanyikia uani kwa jirani yao Siwema, hapo hapo mtaani Ng'ambo, ua mmoja tu wa mabua katikati. Siwema alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume wake wa kwanza, fundi wa reli, na alipofiwa hakurudi tena pwani. Alikuwa akipika vitumbua ambavyo nusu ya Ng'ambo walivinywea chai. Kazi yake katika mambo ya kibasi ilikuwa kulinda. Akisikia hatua za Pelagia nyuma ya ua, huanza kutwanga kinu kitupu kwa nguvu zote ili msasa wa Justus usisikike.

"Shikamoo, Mama Siwema! Unatwanga nini?" Pelagia huuliza kwa sauti.

"Marahaba! Natwanga maneno ya watu!"

Na tangu zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo kichwani kwenda pwani, makabila hayo mawili ni watani. Mtani husema lolote na huchukua chochote, na ukikasirika aibu ni yako wewe. Kwa hiyo Justus, akiwa Mnyamwezi, alikuwa akichonga huku akitukanwa tangu asubuhi.

"Tazama mpagazi," Siwema husema akigeuza vitumbua vyake. "Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka baharini, yeye anabeba kibao cha kasha la chai na kutokwa jasho."

"Na babu zako walikuwa wanafanya nini sisi tulipokuwa tunapita?"

"Walikuwa wanawacheka."

"Walikuwa wanacheza ngoma! Tulipita kwenda wanacheza, tulipita kurudi wanacheza. Mpaka leo shamba halijalimwa."

Kisha Siwema humpa kitumbua cha moto kwenye jani, akakila, na kazi ikaendelea.

Veneranda aligundua kwamba kupaka rangi ndani ya kitu kidogo kuna adabu yake. Huanzi na unachokipenda. Unaanza na kilicho chini na mbali, sakafu kwanza, halafu miguu ya viti, halafu viti vyenyewe, ukirudi nyuma kidogo kidogo kuelekea mlangoni, kama mtu anayepiga deki chumba. Ukikosea ukaanza mlangoni unajifungia nje. Unyoya wa kuku ulikuwa laini mno. Alifunga nywele chache za mkia wa mbuzi kwenye kijiti cha fagio, zikafaa. Rangi zilikuwa masalio ya kopo walilopewa na mtu aliyepaka milango ya maduka sokoni, nyekundu ya udongo, kijani na nyeupe, pamoja na buluu kidogo.

Sakafu aliipaka rangi ya tope. Justus alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hilo umelikumbuka!"

"Nitalisahauje? Lilikuwa godoro langu."

Viti walikubaliana kwamba vilikuwa vya kijani, isipokuwa safu ya mbele karibu na dereva, ambako walikaa wenye nauli nene na kulikuwa na mito myekundu. Walipofika kwenye dari, walipishana. Dari ilikuwa imelazwa pembeni, kipande cha mbao cha kufunika juu.

"Nyeupe," alisema Justus.

"Buluu," alisema Veneranda.

"Mama Pelagia, basi lile nimeliendesha mimi."

"Uliliendesha ukitazama wapi?"

"Mbele. Dereva atazame wapi?"

"Mimi nililala chali nikitazama juu tangu adhuhuri mpaka jua linashuka. Sasa nani anaijua dari? Ilikuwa buluu, na pale kati kulikuwa na doa la mvua kama bata amekaa."

"Bata?"

"Bata. Kila uchungu ulipokuja nilikuwa namwambia yule bata, wewe ruka, mimi nazaa."

Kutoka jikoni Siwema alipiga kelele, "Na mimi nilikuwa natazama upande mwingine kabisa, msiniulize nilichokiona!"

Maana ni Siwema aliyempokea mtoto. Alikuwa abiria tu siku hiyo, na hawakujuana. Mikono yake ndiyo ya kwanza kumgusa Pelagia.

Buluu ilikuwa chache, na Veneranda aliitaka ing'ae. Akaizimua kwa mafuta ya taa, kama Justus alivyomwelekeza, kisha kwa akili yake mwenyewe akaongeza mafuta ya karanga. Kitu gani haking'arishwi kwa mafuta ya karanga Tabora? Ngozi inang'aa, mboga inang'aa. Rangi nayo iling'aa vizuri sana, ila haikukauka. Siku ikapita, ikapita nyingine, ukigusa dari inakushika kidole. Justus aliianika juani, akaipepea kwa ungo, akaipuliza. Dari iliendelea kung'aa na kunata.

"Umeikaanga," alisema.

"Itakauka."

"Itakauka Pelagia akiwa na wajukuu."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Alichukua kijiti akachora doa la bata kwa rangi ya tope pale mkewe alipomwonyesha, na akamwuliza mara mbili mdomo ulielekea wapi.

Baada ya dari ndipo Veneranda alipofanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Viti vilipokauka, alianza kuweka kitu juu ya kila kiti, kitu kidogo cha rangi au cha mti. Kwenye safu ya pili alichora tenga la kuku, kwa sababu pale alikaa mzee aliyekuwa na kuku, na kuku walipoanza kupiga kelele yeye aliwatoa nje akasimama nao kwenye mvua, tenga amelifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe akilowa. Kwenye kiti cha dirishani aliweka mbegu ndogo iliyochongwa kama kibuyu. Hapo alikaa mwanamke wa Igunga aliyekuwa akimpelekea mgonjwa wake maziwa, na maziwa yote alimnywesha Veneranda, funda kwa funda, kisha akasema mgonjwa atakunywa kesho. Mwarabu wa duka la Nzega alikuwa amekaa kwenye mto mwekundu. Alitoa tende zake, akawaamuru wanaume wote washuke wageuze migongo, naye akawa wa kwanza kushuka na viatu vyake vyeupe kwenye tope. Utingo alining'iniza turubai kwenye madirisha upande wa upepo akalishikilia kwa mikono mpaka mwisho. Kwa Siwema alibandika kipande cha kanga halisi, chekundu na cheusi, kwa sababu kanga yake mpya ndiyo iliyochanwa kumfunga mtoto.

Alipokuwa akivichora aliona kwamba hajawahi kumsimulia Pelagia. Mtoto aliporudi kutoka shule analia, yeye alimbembeleza na kumwambia anyamaze, hilo jambo litasahaulika. Ikawa halitajwi. Pelagia alikuwa analijua tope tu na ile honi ya wasichana.

Siku moja kabla ya wakwe kufika alishindwa kujizuia, akamweleza Siwema ahadi aliyoitoa kisimani. Justus alikuwa ameenda kutafuta kamba ya kufungia kibasi.

"Kesho anainuka mbele ya watu anakitoa," alisema Veneranda. "Nikimzuia, nimemvunja. Nikimwacha, nimemdanganya mwanangu siku ya kuondoka kwake. Nifanye nini, dada?"

Siwema alikuwa akikoroga unga wa vitumbua.

"Huyo Mama Koleta," aliuliza, "ni Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi wa Nzega, baba na mama."

"Basi niachie mimi."

"Utafanya nini?"

"Nimesema niachie. Wewe pika wali, usiunguze kama dari."

Wakwe walifika siku ya pili yake, alasiri, na vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi zao. Walipokewa kwa vigelegele, wakanawa, wakala. Mama Koleta alikaa kwenye kiti cha mikono, wenzake mikekani. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na jogoo mkubwa mwekundu aliyemleta, amefungwa miguu, amelala kando ya kiti kama mtu aliyekwisha kata tamaa. Pelagia aliletwa akiwa amefunikwa kanga, akaketishwa katikati. Yalikuwa yanaonekana macho yake tu.

Zawadi zikaanza. Mtu wa sufuria alitoa sufuria, mtu wa mkeka akatoa mkeka. Veneranda alimwona Justus akisimama, akishusha shati lake, akikohoa kidogo kama afanyavyo mtu mwenye jambo. Akaenda nyuma ya mlango alikokuwa amekificha kibasi.

Akarudi mikono mitupu, uso umemsawijika.

"Mama Pelagia," alinong'ona, "hakipo."

Hapo ndipo kengele iliposikika nje.

Ilikuwa ni makopo ya maziwa yaliyofungwa mguuni. Siwema aliingia uani akitembea kwa kishindo, ameinama chini ya mzigo, kaniki kiunoni, fimbo mkononi, na kichwani, juu ya kata ya majani, amejitwisha kibasi. Aliyumba. Alihema. Alisimama akajipangusa jasho ambalo halikuwepo.

"Pisheni msafara!" alipiga kelele. "Wapagazi tunapita! Kutoka baharini mpaka Unyanyembe, mguu umevimba, hata maji ya kunywa hatujapewa!"

Watoto waliangua kicheko kwanza, kisha wakubwa. Hata baba mkwe, mtu mkimya, alificha mdomo. Mtani alikuwa ameingia, na kila mtu alijua hakuna wa kumzuia. Justus alikaa chini taratibu. Veneranda alitazama kanga ya binti yake. Haikutikisika.

Siwema akaja mpaka kwa Mama Koleta, akashusha kibasi miguuni pake kwa heshima kubwa ya uongo.

"Mama wa Nzega, nimekuletea kijiji cha mkweo."

"Kijiji gani hicho chenye magurudumu?" aliuliza Mama Koleta.

"Ndicho alichozaliwa! Humu humu ndani, kwenye tope la mbuga yenu. Nyinyi Wanyamwezi hamjui kulala ndani? Babu zenu walizalia njiani, na nyinyi mnazalia njiani. Tumewapa mabasi, mnazalia kwenye mabasi. Reli imekuja, kesho mtazalia kwenye reli!"

Kanga ya Pelagia ilishuka chini kidogo, kichwa kikiinama kama kilivyozoea kuinama.

Siwema hakungoja. "Na kama hamumtaki, semeni. Mimi ndiye niliyempokea. Nitamchukua Uzaramo kesho, nimfundishe ngoma, nimwozeshe kwa mtu anayelala ndani."

"Umchukue nani?" Mama Koleta alisema.

"Huyu."

"Mkwe wangu?"

"Hujasema kama ni mkweo."

Mama Koleta alisimama. Alikuwa mrefu kuliko walivyodhani. "Sikia, wewe mchoma vitumbua. Mzaramo hajawahi kumchukua Mnyamwezi na kurudi naye salama, na wewe hutaanza leo. Amezaliwa njiani, enhe? Ndiyo Mnyamwezi hasa! Mama yangu mzazi alizaliwa kule nyikani Mgunda Mkali, msafara ukirudi kutoka pwani, na jua lilipochomoza bibi yangu alijitwisha mtoto na mzigo wakaendelea. Nyinyi wakati huo mlikuwa mmelala!"

"Kumbe ni ukoo mzima!" Siwema alipiga makofi. "Jamani, ni ugonjwa!"

Kicheko kilipasuka hata jogoo akainua kichwa. Wakwe wa Nzega walikuwa wanapigiana mapaja, wanamwambia Mama Koleta, mwongeze, mwongeze. Mmoja alisema hajawahi kuisikia habari ya Mgunda Mkali kwa miaka yote waliyokaa jirani. Mama Koleta mwenyewe alionekana kushangaa kwamba ameisema. Kisha alicheka naye, kicheko kizito kilichomshusha tena kitini.

"Kinakombolewa kwa nini hicho?" aliuliza, kwa maana kitu kilichoshikwa na mtani hakiondoki hivi hivi.

"Kwa jogoo."

"Jogoo ni wa arusi!"

"Basi nakwenda na mwali."

Jogoo akatolewa. Siwema alimkumbatia kama ndugu aliyepotea, na alipopita karibu na Veneranda hakumtazama, ila alimkanyaga mguu kidogo kwa makusudi. Hapo Veneranda akaelewa. Lile neno lililomkaa Pelagia moyoni tangu shule lilikuwa limetolewa hadharani na mtani, likachekwa na watu wote, na wakwe wamelipigania kuwa lao. Nani tena angeweza kumchoma nalo? Angechekwa tu kwa kuchelewa.

Mama Koleta alikuwa ameinua paa kwa ncha za vidole. "Mbona linanata?"

"Ni... ni kazi ya mafuta ya karanga, mama," alisema Justus.

"Mafuta ya karanga kwenye rangi? Nani huyo?"

"Mimi," alisema Veneranda.

Mama Koleta alimtazama, akatazama kidole chake cha buluu, akakipangusa kwenye kitambaa chake cheupe bila kufikiri, kikaacha mstari. Watu walicheka tena. Yeye alikuwa ameshainama kuchungulia ndani.

"Yesu wangu. Mpaka pedali zimo."

Justus aligeuka pembeni ajishughulishe na kitu.

Ndipo kanga ya Pelagia ikateremka mabegani. Mwali hafanyi hivyo mbele ya wakwe, na shangazi mmoja alinyoosha mkono amfunike, lakini Mama Koleta alimwambia mwache. Pelagia alipiga magoti kando ya kibasi. Alitazama muda mrefu, akapitisha kidole kati ya viti, kidole chembamba kama cha mama yake.

"Mama, hili tenga ni la nani?"

"La mzee mmoja. Alisimama na kuku wake kwenye mvua ili mimi nipate utulivu."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka ulipolia. Aliposikia unalia naye akaanza kulia, na kuku wakalia."

"Na hiki kibuyu?"

Veneranda akamweleza. Akamweleza na Mwarabu na viatu vyake, na kanga mpya ya Siwema iliyochanwa, na utingo aliyeshika turubai mpaka mikono ikawa haikunjuki, abiria wakamlisha kwa zamu njia nzima. Hakupandisha sauti, lakini watu walikuwa wamesogea. Pelagia aligusa kile kipande cha kanga, akainua macho akamtafuta Siwema, ambaye alikuwa anajifanya anamfungua jogoo miguu.

"Mama Siwema. Kumbe ulikuwa na kanga moja tu mpya?"

"Na mpaka leo hamjanilipa, Wanyamwezi nyinyi!"

"Ngoja nikazalie kwenye reli," alisema Pelagia, "nitakuita uje na nyingine."

Haijapata kutokea mwali akamjibu mtani namna ile mbele ya wakwe. Kisha Siwema akapiga kigelegele kirefu cha Kizaramo, na wanawake wa Nzega wakakipokea, na uani hapo pakawa hapasikilizani tena.

Justus alikuja kukaa karibu na mkewe. Hakujua chochote juu ya ahadi ya kisimani, na Veneranda hakuona sababu ya kumwambia. "Unaona?" alisema. "Nilijua atakipenda." Veneranda alimshika kile kidole kinene, akakibinya.

Jua lilipokuwa linashuka, shangazi wa bwana arusi, aliyekuwa jikoni wakati wote wa kelele, alikuja akauliza hicho kigari ni cha nini. Pelagia akamketisha mkekani kando yake, akainua paa kwa uangalifu, akaanza. Alisema mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, nayo ilikuwa siku moja. Alisema mzee alikuwa na kuku kumi na wawili na bata mmoja, na yule bata aliruka akatua juu ya dari mtoto alipozaliwa. Alisema Mwarabu alitoa mkufu wa tende uliofika kutoka mlangoni mpaka kwa dereva.

Veneranda alikuwa anapita na sinia la vikombe. Alisimama kidogo nyuma yao, akasikiliza, akaendelea na safari yake ya jikoni.